Mabomba Kumi na Moja ya Krummlohe

Traudel Hempel aligonga muhuri katika posta ya kijiji cha Krummlohe, Ujerumani Mashariki, kwa miaka thelathini na mitatu, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumgonga Bach wa kwenye stempu usoni. Lilikuwa jambo la kujivunia, naye alijivunia. Muhuri wake ulitua kwenye kona ya chini ya stempu, robo ya duara juu ya stempu na robo tatu juu ya bahasha, tarehe ikisomeka kama imechapwa kitabuni, na mtunzi wa muziki akabaki na uso safi, macho yote mawili yakikutazama. Wakusanyaji stempu wa Leipzig na Dresden, ambao hawakujua Krummlohe iko upande gani wa mto, walimtumia bahasha zao wakiandika kwa penseli pembeni: "Kwa Bi Hempel mwenyewe, tafadhali."

Yeye pia alikusanya. Albamu yake ilikuwa ya watunzi na vinanda vya kanisani tu: Händel mwenye wigi, Schütz mwenye ndevu za mbuzi, Liszt wa Hungaria, na vinanda vya mabomba vya nchi ambazo asingefika hata angeishi miaka mia mbili. Alijua kila kimoja kina mabomba mangapi mbele. Aliyahesabu kwa lenzi, kama mchungaji anavyohesabu kondoo.

Alizaliwa mwaka 1921, nyumba ya tatu kutoka kanisani, binti wa Oskar Hempel fundi viatu. Siku za kazi Oskar alishona soli; Jumapili alipanda roshani ya kanisa na kukanyaga mivukuto ili kinanda kipate pumzi. Kinanda kile kilikuwa na miaka zaidi ya mia mbili, na kilikuwa fahari pekee ya Krummlohe. Vingine vyote vilikuwa viazi na mvua.

Lakini kinanda kilikuwa na jeraha. Mwaka 1917, serikali ya Kaisari ilipoishiwa na madini ya vita, wanajeshi walipanda roshanini wakang'oa mabomba kumi na moja ya mbele, yale makubwa ya katikati. Yalikuwa ya bati safi, laini, linalong'aa. Si bati la kuezekea nyumba. Wakaacha risiti. Vita vilipokwisha, mpaka rangi mmoja wa kijijini alisimamisha mbao mahali pa mabomba na kuzipaka rangi ya fedha. Ukikaa viti vya nyuma, na macho yako yakiwa yameanza kuchoka, ungeapa kuwa ni mabomba. Ila mbao hazilii.

Hapo ndipo wanaume wa Krummlohe walipoanza kuziba pengo kwa sauti zao. Nota kumi na moja za besi zilikuwa zimekufa, na nyumba kumi na moja zikagawana, kila nyumba nota yake. Mpigaji alipobonyeza nota iliyokufa, baba wa nyumba ile aliivumisha kooni kutoka kwenye benchi lake. Wageni walidhani kuna mtu anakoroma. Wanakijiji hawakuona ajabu. Mtu alirithi nota ya baba yake kama alivyorithi shamba. Akina Hempel walikuwa na nota ya re.

Gerhard, kaka yake Traudel, aliyetakiwa kuirithi re, alikufa vitani mwaka 1943. Majira yale ya baridi kifua cha Oskar nacho kiliharibika. Pasaka ya mwaka 1945 Traudel aliingia kanisani, akapita mabenchi ya wanawake, akaketi kwenye benchi la wanaume mahali pa baba yake. Mzee mmoja akageuka.

"Traudel, hapa ni pa wanaume."

"Nota ni ya nyumba, mjomba. Si ya suruali."

"Besi utaitoa wapi wewe?"

"Nitaitoa juu kidogo. Mungu atahesabu mwenyewe."

Hakuna aliyemwinua. Mwaka uliofuata alipata kazi ya posta, na kwenye benchi lile akabaki.

* * *

Mpigaji kinanda, na mwalimu wa kwaya, alikuwa Arno Uhlig. Alikuwa mtu mwembamba mwenye umri wa miaka sitini na minane, mpole kupita kiasi, anayeomba radhi hata akikanyagwa yeye. Kwa miaka tisa Arno alikuwa akiiandikia wilaya barua akiomba bati la kutengenezea mabomba kumi na moja. Fundi alikuwapo, mafundi wa vinanda Saksonia hawajawahi kukosekana. Kilichokosekana ni bati, na bati liligawiwa na serikali. Kila mwaka jibu lilikuwa lile lile: bati ni la viwanda, subirini. Kila mwaka Arno aliandika tena, kwa mwandiko mdogo zaidi.

Vuli moja akaja mchoraji kutoka Berlin. Alikaa kanisani siku nzima na chupa yake ya chai, akachora, hakuuliza mtu swali hata moja, akaondoka. Mwezi Machi wa mwaka 1979 habari zikafika: stempu sita zitatolewa, watunzi wanne na vinanda viwili, na kinanda kimoja ni cha Krummlohe, kwenye stempu ya bei ya pfennig thelathini na tano. Tena ndiyo stempu adimu ya seti. Kila seti ilikuwa na stempu moja inayochapishwa chache kuliko nyingine, ambayo bila kadi ya chama cha wakusanyaji hukuipata. Safari hii ilikuwa yetu. Siku ya kwanza ya kutolewa, tarehe 22 Mei, nchi nzima ingekuja Krummlohe kugongewa muhuri maalumu.

Stempu zilipofika wiki mbili kabla, Arno alishika moja kwa kibano cha Traudel na macho yake yakajaa machozi. Traudel aliichukua, akaiweka chini ya lenzi, akahesabu kama kawaida yake. Akarudia kuhesabu.

"Arno, ya katikati yapo."

"Yapi?"

"Yote kumi na moja. Yana midomo ya kutolea sauti, yana kivuli. Mchoraji kayafufua."

"Labda aliona mbao kwa mbali," Arno alisema. "Inapendeza, lakini. Hebu tazama inavyopendeza."

Siku tatu baadaye Arno alirudi dirishani na barua. Ilitoka ofisi ya vifaa ya wilaya. Alisoma kwa sauti ya chini, ingawa ndani ya posta hakukuwa na mtu mwingine. Kwa kuwa stempu rasmi ya taifa, iliyochorwa mbele ya kinanda chenyewe, inaonyesha mabomba yote yakiwa mahali pake, ombi la bati halina msingi. Faili limefungwa.

"Soma tena," Traudel alisema.

"Nimesoma mara mbili."

"Soma pale pa stempu."

Akasoma.

"Basi kimepona," Traudel alisema. "Kimeponywa kwa gundi."

"Usifanye mzaha. Miaka tisa, Traudel." Arno alikunja barua mara nne. "Pengine tushukuru tumepata stempu."

"Tushukuru? Wametuibia mara ya pili. Wa kwanza angalau waliacha risiti."

Alipiga simu wilayani kwa mkuu wa posta, Ndugu Wiegand, mtu wa miaka arobaini na ushee, mtoto wa mwoka mikate, mcheshi, asiyependa jambo lolote linalohitaji karatasi ya pili.

"Bi Hempel, hiyo ni picha tu," Wiegand alisema.

"Kama ni picha tu, kwa nini imefunga faili?"

"Faili si la posta. La posta ni stempu, na stempu ni nzuri. Wewe uza, gonga, tabasamu. Umebakiza miaka miwili upate pensheni, mama. Miaka miwili watu wanaimaliza wakisinzia."

"Mimi sisinzii dirishani."

"Basi angalau nyamaza ukiwa macho," Wiegand alisema, akacheka, akakata simu.

Traudel akafungua kitabu cha kanuni, kile chenye jalada la kijivu ambacho hakuna karani mwingine aliyekimaliza. Kanuni ilisema muhuri uguse stempu, usomeke, na stempu isiweze kutumika tena. Basi. Kuhusu ni sehemu gani ya stempu, kanuni haikusema neno. Ile kona waliipenda wakusanyaji. Ilikuwa hisani ya karani, si sheria. Na muhuri maalumu uliotumwa ulikuwa na pembe ya posta katikati, ile tarumbeta ya wapeleka barua wa zamani, nyeusi tii, pana kama ukucha wa kidole gumba. Alichukua gazeti la jana, akachora miraba yenye ukubwa wa stempu, akaanza mazoezi.

* * *

Tarehe 22 Mei foleni ilitoka posta, ikapita duka la mikate, ikafika lango la kanisa. Bendera zilipandishwa, bendi ya zimamoto ilipiga, soseji zilichomwa. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Daktari Köhler, tabibu wa meno kutoka Leipzig, mkusanyaji wa vinanda tangu ujana, aliyevaa glavu nyeupe. Alikuja kwa treni ya alfajiri. Aliweka bahasha arobaini dirishani, kila moja na stempu yake.

"Bi Hempel mwenyewe," alisema. "Miaka kumi na minne nakuandikia. Leo nauona mkono."

Traudel akainua muhuri, akaushusha. Katikati. Pembe nyeusi ilitua juu ya mabomba kumi na moja na kuyafuta yote. Mabomba ya kulia na ya kushoto yalibaki yaking'aa. Katikati palikuwa na shimo jeusi.

Daktari aliangalia bahasha. Akamwangalia yeye. "Pole, mama. Umeteleza."

"Sijateleza."

Akagonga ya pili. Pale pale. Ya tatu, pale pale, bila kupishana hata unene wa unywele.

"Mama, simama. Unaniharibia."

"Kuna nini huko mbele?" mtu aliuliza kwenye foleni.

"Karani anagonga katikati."

"Amelewa?"

"Saa tatu asubuhi?"

"Hii ni Saksonia, ndugu yangu."

Daktari Köhler alikuwa amepauka. "Niambie kitu kimoja tu. Kwa nini hapo?"

"Kwa sababu hapo hapana kitu," Traudel alisema, na alisema kwa sauti ya kufika mlangoni. "Mchoraji ameweka mabomba ambayo hayapo tangu mwaka 1917. Na kwa picha hii tumenyimwa bati la kuyatengeneza. Kanisa liko wazi. Nenda kaone, bahasha zako nitakulindia."

Alikwenda, amekasirika, glavu zikipepea. Foleni ilimsubiri kwa kunung'unika, maana hakuna aliyethubutu kusogea dirishani. Aliporudi alikuwa amezivua glavu.

"Mapengo kumi na moja," aliwaambia waliokuwa nyuma yake. "Yamezibwa kwa mbao. Nimetazama midomo ya watu miaka thelathini, sijaona uhuni kama huu." Akageukia dirisha. "Zilizobaki gonga hapo hapo, mama. Zote."

Baada ya hapo watu walikwenda kanisani kumi kumi na kurudi. Wengine walicheka, wengine walilaani. Bwana mmoja kutoka Dresden alishika meza.

"Mimi sijali mbao zenu. Mimi nataka kona yangu."

"Leo hakuna kona," Traudel alisema, akamgongea katikati.

Kufikia saa nne Ndugu Wiegand alifika kwa gari, uso mwekundu, kitufe cha shati kimefunguka. Aliingia nyuma ya dirisha na kuinama sikioni kwake.

"Acha sasa hivi."

"Kanuni inasema stempu iguswe. Naigusa."

"Nipe muhuri."

"Chukua."

Alimpa, akasimama kando, akafunga mikono kifuani. Wiegand aliuchovya kwenye wino mara mbili, akalenga kona, akagonga. Muhuri ulitua juu chini, tarehe ikavimba kama donge la lami, na wino ukarukia stempu ya jirani, shavuni kwa Bach. Mlio wa uchungu uliotoka kwenye foleni ulisikika hadi kwa bendi ya zimamoto.

"Ndugu, wewe ni posta au mchinjaji?" mzee mmoja aliuliza.

"Mrudishie mama muhuri wake," mwingine akasema. "Yeye akiharibu, anaharibu vizuri."

Wiegand alijaribu bahasha mbili zaidi. Kisha akaurudisha muhuri, akatoka nje, akasimama karibu na soseji bila kula. Hadi saa kumi jioni Traudel alikuwa amegonga bahasha elfu mbili na mia tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa na bomba katikati.

* * *

Siku kumi baadaye aliitwa wilayani. Chumbani walikuwapo watu watatu, lakini wawili walikuwa wa kuandika tu. Wiegand alisukuma karatasi iliyopigwa chapa. Ilikuwa sentensi moja: kwamba mkono wa karani Hempel uliteleza mara kwa mara kwa sababu ya uchovu.

"Saini," Wiegand alisema. "Dirisha lako linabaki, daraja lako linabaki, pensheni haiguswi. Nimekupigania, mama. Wengine walitaka maneno mabaya kuliko uchovu."

Alisema kweli, na Traudel alijua kuwa ni kweli. Alishika kalamu. Alifikiria dirisha lake, joto la jiko la makaa nyuma ya kiti, watu wanaogonga kioo wakimwita kwa jina. Alifikiria miaka miwili. Kisha aliisoma sentensi mara ya pili na akaona ilichokuwa inafanya. Kama mkono uliteleza, basi wino ule ni kosa. Na kama wino ni kosa, chini yake mabomba yapo. Saini moja, na yote kumi na moja yanarudi kwenye picha, na faili linabaki limefungwa mpaka Arno azikwe.

Akaweka kalamu.

"Mkono wangu haujateleza tangu mwaka 1946."

"Bi Hempel."

"Andika kuwa nililenga. Hiyo nitasaini."

"Hujui unachokitupa."

"Najua vizuri, nimekikalia miaka thelathini na mitatu. Ndugu Wiegand, mwaka 1956 ilitoka stempu ya Schumann yenye nota za Schubert nyuma yake. Unaikumbuka? Niliiuza mwenyewe. Watu walipiga kelele, na mwaka ule ule ikachapishwa upya ikiwa sahihi. Dunia haikuanguka. Zile zilikuwa nota za wino tu. Haya ni mabomba ya watu."

Mmoja wa wale wa kuandika aliacha kuandika, akamtazama, akarudi kwenye karatasi yake.

Jumatatu iliyofuata Traudel alihamishiwa ghala la vifurushi wilayani, madaraja mawili chini, akabeba masanduku mgongoni akiwa na miaka hamsini na minane. Krummlohe, wengine waliacha kumsalimu. Mke wa mwoka mikate alimwambia usoni, "Tulipata siku moja ya sherehe katika miaka mia mbili, Traudel, na wewe ukaimwagia wino." Alijibu, "Ilikuwa sherehe ya uongo, mama. Nipe nusu mkate." Akalipa mkate wake, akaondoka kichwa juu. Sitaficha kwamba ilimuuma. Lakini mtu anayeumia si lazima awe amekosea, na ninawaandikia hivi wale wanaotufundisha kwamba mtu mdogo kazi yake ni kusubiri.

Arno Uhlig aliandika ombi la kumi. Ndani alitia bahasha moja yenye shimo jeusi, na chini akasaini jina lake kwa herufi kubwa kuliko barua yenyewe. Daktari Köhler alikusanya wenzake chamani, barua mia moja na arobaini zikaenda Berlin zikiuliza swali moja: yapo au hayapo? Bahasha nyingine zilikuwa zimeshabadilishwa Vienna na Uholanzi, na gazeti la stempu la huko liliichapisha picha, likauliza vilevile.

Mwezi Septemba alikuja mtu kutoka Berlin, mnene, mwenye daftari, na Ndugu Wiegand akamleta mwenyewe. Arno aliomba Traudel awepo. Alifika moja kwa moja kutoka ghalani, na koti lake la kazi, vumbi la masanduku mabegani. Walipanda ngazi za roshani, mnene akihema.

"Kwa hapa naona ni mabomba," alisema mtu wa Berlin.

"Gusa," Traudel alisema.

Yule mnene hakutaka kujichafua. Alimwashiria Wiegand kwa kidevu. Wiegand akanyoosha mkono, akapitisha kidole juu ya bomba kubwa la katikati kutoka juu kwenda chini. Kidole kilikwaruza kama kwenye mlango wa kabati. Aligonga. Ubao ukajibu ko, ko.

Mtu wa Berlin alifungua daftari.

"Mangapi?"

"Kumi na moja," Arno alisema, na safari hii hakuomba radhi.

"Ya bati?"

"Ya bati safi."

Akaandika, akatia saini, akaikata karatasi na kumpa Arno mkononi. Wiegand alikuwa bado anaangalia kidole chake. Rangi ya yule mpaka rangi, baada ya miaka zaidi ya hamsini, ilikuwa imegeuka unga, na kidole kizima kilikuwa cha fedha hadi kwenye kifundo.

"Mama, una kitambaa?" alimuuliza Traudel.

Alikuwa nacho, mfukoni mwa koti, kimefuliwa na kukunjwa.

"Sina," alisema. "Rudi na kidole hicho ofisini hivyo hivyo."